Dakika Tatu na Sekunde Ishirini: Mwongozo Kamili wa Kupiga Filamu Fupi ya Super 8 kwa Shindano, Ukiwa Uganda

Katriji moja ya Super 8, mkanda wa filamu wa milimita 8, ina futi 50 za mkanda, yaani mita 15 na ushei, zenye fremu (picha moja moja) 3,600. Ukipiga fremu 18 kwa sekunde utapata dakika 3 na sekunde 20. Ukipiga 24 utapata dakika 2 na nusu. Kodak ilitoa mkanda huu mwaka 1965 ili familia zipige sherehe zao bila kuhangaika kuupitisha mkanda kwenye magurudumu ya kamera, na kweli kazi hiyo ni nyepesi: unafungua mlango, unachomeka katriji, unafunga. Ugumu uko kwingine. Ulichopiga hakifutiki, wala huwezi kukitazama mpaka mkanda usafishwe kwa dawa, picha itokee.

Kwa hiyo filamu ya katriji moja huhaririwa kabla ya kupigwa. Huhaririwa kwenye karatasi, kwa sekunde, ukiwa umekaa nyumbani na chai yako. Siku ya kupiga unatekeleza tu. Vijana wengi wa Kampala wanaojua sana kupiga kwa simu hukwama hapa, maana wamezoea kupiga kwanza na kufikiri baadaye. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya kugeuza mpangilio huo.

Soma masharti kabla ya kununua chochote

Shindano linalojulikana zaidi la filamu za katriji moja ni straight 8 la Uingereza, lililoanza 1999. Mshiriki anapiga katriji moja, anaunganisha matukio ndani ya kamera kwa kubonyeza na kuachia kitufe tu, anatengeneza sauti bila kuona picha, kisha anatuma vyote. Filamu iliyochaguliwa anaiona kwa mara ya kwanza ukumbini, pamoja na watazamaji wengine. Kanada kuna One Take Super 8 Event, lililozaliwa Regina mwaka 2000 kwa moyo uleule. Ukilenga tamasha la nyumbani, kama Amakula Kampala lililoanza 2004, itakubidi uskani mkanda wako na kupeleka faili, na hapo una uhuru wa kukata na kupanga upya.

Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu. Shindano linalotaka katriji ambayo haijasafishwa halikuachii nafasi ya kusafisha mwenyewe. Linalotaka faili linakuruhusu kutumia hata katriji mbili. Angalia urefu unaoruhusiwa, kasi ya fremu, kama jina la filamu liwe ndani ya mkanda au la, na sauti ipelekwe kwa mtindo gani. Kisha angalia tarehe ya mwisho: ni ya kutuma au ya kufika? Sisi tulio Uganda hatuna budi kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kufika, tukiacha nafasi ya mzigo kulala forodhani.

Kamera na mkanda

Kamera nyingi nzuri za Super 8 zinazopatikana leo ni za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980: Canon 514XL na 814, Nikon R8 na R10, Nizo, Bauer, Elmo. Utaipata kwa ndugu aliye ughaibuni, mtandaoni, au kwenye kabati la mzee aliyesoma nje zamani. Kabla ya kulipa, fungua kichumba cha betri. Ukiona unga mweupe au kutu ya kijani, omba kwanza kuona kamera ikizunguka. Weka betri mpya, bonyeza kitufe, sikiliza kama mlio ni sawasawa mwanzo hadi mwisho. Elekeza lenzi dirishani, kisha kwenye kona yenye giza: sindano ya kipimo cha mwanga lazima itembee. Kamera nyingine hutumia betri ndogo ya pili kwa ajili ya kipimo hicho, nayo ilikuwa ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Ukiweka ya volti 1.5 mahali pake, kipimo kinaweza kukudanganya. Tafuta za zinki na hewa, zile za vifaa vya kusaidia masikio, ambazo volti yake inakaribia ya zamani.

Kipimo kingine watu hukiruka, nami naona ndicho cha thamani zaidi: pata katriji kuukuu iliyoharibika, ichomeke, ianze, na uipime kwa saa ya simu mpaka mkanda uishe. Kwa fremu 18 inapaswa kuchukua sekunde 200. Ikichukua 190, kamera yako inakimbia karibu fremu 19 kwa sekunde, na sauti yote utakayotengeneza lazima ihesabiwe kwa 190, si 200.

Kuhusu mkanda, jua letu linapendelea ISO ndogo, yaani mkanda usio mwepesi sana kunasa mwanga. Vision3 50D ya Kodak ni negativu ya rangi (picha hutoka ikiwa imegeuzwa, peupe pakiwa peusi) iliyotengenezwa kwa mwanga wa mchana, na kwa filamu ya nje hapa sioni bora kuliko hiyo. 200T na 500T zimepangwa kwa mwanga wa taa. 500T itakufaa ndani ya nyumba na usiku. Ektachrome 100D hutoa picha ya rangi iliyo tayari kuonyeshwa kwa projekta, lakini haisamehe kosa la mwanga. Tri-X ni nyeusi na nyeupe, ISO 200 mchana. Negativu huvumilia mwanga uliozidi hata kwa hatua mbili (kila hatua ni mwanga mara mbili), na kwa anayeanza hiyo ni rehema kubwa.

Kuna swichi moja ndogo inayoweza kuharibu filamu nzima. Ndani ya kamera nyingi za Super 8 mna kichujio cha rangi ya chungwa, kwa sababu mikanda ya kwanza ilikuwa ya mwanga wa taa. Swichi yake ina alama ya jua na alama ya balbu. Ukiweka 50D, Ektachrome au Tri-X, iweke kwenye balbu ili kichujio kitoke njiani. Ukipiga 200T au 500T nje mchana, iweke kwenye jua. Kisha ibandike tepu isisogee.

Ukiangukia kamera ya milimita 16, kama Bolex au Krasnogorsk-3, kanuni ni zilezile: futi 100 hukupa dakika 2 na sekunde 45 hivi kwa fremu 24. Kamera hizo mbili huendeshwa kwa springi, na springi ikivutwa mpaka mwisho hukaa chini ya nusu dakika, basi ukumbuke kuivuta kabla ya kila shoti.

Hadithi inayoenea ndani ya sekunde 190

Sahau mazungumzo. Kamera hizi haziendi sawasawa na kinasa sauti, kwa hiyo midomo na maneno havitaoana. Tafuta hadithi ambayo mtu akiitazama bila sauti anaielewa: mtu mmoja, kitu kimoja, safari moja.

Tuchukue mfano tutakaoufuata. Kijana ananunua kioo kikubwa cha kujitazamia kwa mafundi wa Katwe, anakipakia kwenye bodaboda na kukipeleka kwa bibi yake Kibuli. Njiani jiji zima linapita ndani ya kioo: mawingu, mabati, matatu za bluu na nyeupe, uso wa askari wa barabarani. Mwisho bibi anajitazama. Kioo kinatupa kitu cha kuhofia, maana kinaweza kuvunjika, na kinatupa picha mbili ndani ya fremu moja. Tena hadithi inaelekea upande mmoja tu, Katwe, Clock Tower, Nsambya, Kibuli, na hiyo ndiyo sifa ninayoitafuta kwanza. Kwa kuwa unapiga kwa mfuatano, shoti ya kwanza kwanza na ya mwisho mwisho, hadithi inayorudi rudi mahali pamoja itakulazimisha kurudi nawe, na jua litakuwa limehama.

Sasa hesabu. Toa sekunde 2 za mwanzo, kwa sababu fremu za kwanza huweza kuwa zimeguswa na mwanga. Toa 8 za mwisho kama akiba. Zinabaki 190. Gawanya: Katwe 45, njiani 85, Kibuli 60. Shoti ya wastani ni sekunde 5, kwa hiyo una shoti 38 hivi na si zaidi. Ziandike zote kwenye daftari: namba, mahali, tunachoona, sekunde. Katwe inaweza kuanza hivi: jina la filamu limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa fundi, sekunde 5, mkono unafuta vumbi kwenye kioo, 6, uso wa kijana unatokea palipofutwa, 4, noti zinahesabiwa, 3, kioo kinainuliwa na jua linamulika ukuta, 5. Usipange shoti chini ya sekunde 2 ila una sababu, maana jicho la mtazamaji linahitaji muda na kidole chako pia. Na usimalize bajeti yote njiani kwa kupendezwa na barabara. Sekunde 60 za Kibuli ni amana ya bibi.

Baada ya hapo pitia njia yote kwa miguu ukiwa na simu. Piga kila shoti kwa simu kwa urefu ulioandika, ziunganishe kwa mfuatano, tazama. Hapo ndipo utakapokata kwa uhuru. Shoti isiyoeleweka kwenye simu haitaeleweka kwenye Super 8. Rudia mpaka mtu asiyeijua hadithi aitazame na akusimulie kilichotokea.

Jua la Ikweta na nyuso zetu

Kampala iko karibu kabisa na Ikweta. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri jua linapiga kutoka juu, na macho ya watu hugeuka mashimo meusi chini ya paji la uso. Piga nyuso kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Saa za katikati zitumie kwa mikono, magurudumu, mabati, vivuli. Jioni usichelewe: huku kwetu jua likizama giza halibembelezi. Na angalia majira. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua ya Kampala inaweza kukukatia siku katikati, na shoti iliyoanza kwenye jua haitaungana na inayofuata chini ya wingu zito.

Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema hivi: kwenye jua kali lisilo na wingu, weka tundu la lenzi f/16 (namba ikikua, tundu linapungua) na kasi ya shata iwe sekunde moja igawanywe kwa ISO. Shata ya Super 8 iko karibu na 1/40 au 1/50 na huichagui wewe. Kwa 50D basi jua kali ni f/16, sawa kabisa. Kwa Tri-X ya ISO 200 ni f/32, na lenzi nyingi zitakuwa zimefika ukingoni. Vika lenzi kichujio cha kijivu cha kupunguza mwanga kwa hatua mbili.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya kamera hizi viliandikwa na watu wasiopiga nyuso nyeusi. Kipimo cha otomatiki hakijui kuwa kinatazama uso. Kinataka fremu nzima iwe ya kijivu cha kati. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au anga ya saa sita, kipimo kitaona weupe, kitafunga tundu la lenzi, na mtu wako atakuwa kivuli kisicho na macho. Msogelee uso ujaze fremu, kitafanya kinyume: kitafungua mno na ngozi itapauka. Tiba ni kupima kitu kingine. Majani ya kijani na lami iliyochakaa yako karibu na kijivu cha kati, na kwa bahati nzuri Uganda haina uhaba wa majani. Elekeza kamera kwenye majani yaliyo kwenye mwanga uleule unaoangukia uso, funga kipimo hapo, kisha rudi kwa mtu wako. Ukiwa na negativu ya rangi, ongeza nusu hatua au hatua nzima ili ngozi ipate uhai wake. Kamera isiyoweza kufunga kipimo, epuka kabisa ukuta mweupe na anga nyuma ya uso. Shuka jeupe au gunia jeupe la sukari, likishikwa chini ya kidevu nje ya fremu, litarudisha mwanga machoni.

Siku ya kupiga

Toa katriji kwenye friji usiku uliotangulia ikiwa bado kwenye mfuko wake uliozibwa. Ukifungua ingali baridi, umande utaganda juu ya mkanda. Ichomeke kivulini. Usifungue mlango wa kamera tena mpaka mwisho: utaunguza fremu kadhaa kwa mwanga, na kihesabio kitarudi sifuri, usijue umebakiwa na nini.

Rekebisha kwanza kioo cha kuchungulia cha kamera kifuate jicho lako, kabla hata ya kugusa lenzi. Kisha kwa kila shoti vuta zumu hadi mwisho, lenga macho ya mtu, rudisha zumu upana unaoutaka. Kaza kamera kwenye miguu mitatu. Super 8 ni fremu ndogo mno, na mtikisiko wa mkono ukutani unakuwa tetemeko. Ukigeuza kamera kando, geuza polepole kuliko unavyodhani inafaa, maana kwa fremu 18 mgeuko wa haraka hukatikakatika.

Fanyeni mazoezi ya kila shoti mara mbili bila kubonyeza. Mtu mmoja awe na saa na daftari, ahesabu kwa sauti, aandike sekunde zilizotumika kweli na namba ya kihesabio. Huyo ndiye msaidizi muhimu kuliko wote, kuliko hata mwigizaji. Shoti iliyopangwa sekunde 5 ikala 7, mwenye daftari aseme palepale ni ipi itakayolipa deni. Katika mfano wetu ana kazi moja zaidi: kuangalia kuwa mpiga picha haonekani ndani ya kioo.

Mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) wa kila mtaa siku kadhaa kabla, umweleze hadithi na umwonyeshe zile shoti za simu. Sokoni na kwenye stendi omba ruhusa ya wahusika, na usipige mtu asiyetaka. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, ikulu na mabwawa ya umeme, geuza kamera kabisa. Kamera ngeni yenye mlio huvuta macho, kwa hiyo njooni wachache.

Ikiwa mlio utabadilika ghafla au kihesabio kikasimama, mkanda umekwama. Toa katriji kivulini, igonge taratibu kiganjani, kaza kwa kidole gurudumu dogo la kukunjia, rudisha. Utapoteza fremu chache, si filamu. Mwisho ukifika, utaona neno EXPOSED kwenye mkanda unapotoa katriji.

Sauti

Mtu aliyekulia kwenye vibanda vya vidio vya Uganda ana faida hapa kuliko mshiriki yeyote wa Ulaya. Ma-VJ wetu, wasimulizi wa filamu vibandani, kwa miaka mingi wamesimama juu ya filamu ya lugha nyingine wakaisimulia, wakaicheka, wakaionea huruma, na watazamaji wakawafuata. Filamu isiyo na midomo inayosema inaita sauti ya namna hiyo. Bibi wa Kibuli anaweza kusimulia safari nzima ya kioo kana kwamba anaiona, kwa Kiswahili au Luganda, kabla hata hajatokea kwenye picha.

Tumia daftari la siku ya kupiga, si mpango wa kwanza. Andika kila shoti na sekunde zake halisi, kisha sahihisha kwa kasi ya kweli ya kamera uliyoipima. Rekodi sauti za mahali kwa simu siku hiyohiyo: nyundo za Katwe, honi za Clock Tower, adhana ya Kibuli. Zipange zifuate sehemu kubwa tatu na ziingiliane polepole, ili sekunde moja au mbili za kupishana zisisikike kama kosa. Usiweke mlio unaodai picha kamili, kama kioo kuvunjika palepale.

Muziki wa mtu mwingine una mwenyewe: Uganda ina sheria ya haki miliki ya 2006, na mashindano huuliza vibali. Rafiki anayepiga adungu au endingidi, ala zetu za nyuzi, akikurekodia kitu kipya na kukutilia saini, amekutatulia mambo mawili kwa mara moja.

Kusafisha mkanda mwenyewe kwa kahawa

Sehemu hii ni ya wale ambao shindano lao linataka faili, na waliopiga Tri-X. Mikanda ya rangi iachie maabara. Mchanganyiko uitwao Caffenol-C-M, kwa lita moja ya maji, ni gramu 54 za sodiamu kaboneti isiyo na maji, ile soda ya kufulia na si ya kuumulia mandazi, gramu 16 za vitamini C ya unga, na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka. Anza na soda, iyeyuke kabisa, kisha vitamini, kahawa mwisho. Kahawa ya robusta ya bei nafuu hufanya kazi vizuri kuliko arabika, na robusta ni mmea wa asili wa nchi hii. Muda ni dakika 15 kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Maji ya Kampala mara nyingi ni ya joto zaidi, basi poza kwa chupa za barafu zilizozibwa.

Utahitaji tangi lisilopitisha mwanga lenye spirali ya mita 15, kama yale ya Kisovieti ya Lomo. Ndoo pia inawezekana, lakini mkanda utajikunja juu yake na kutoka na mikwaruzo. Katriji hufunguliwa gizani totoro. Baada ya kahawa suuza kwa maji, weka fiksa, dawa ya kuidumisha picha, osha tena vizuri, tundika mkanda chumba kisicho na vumbi. Utapata negativu, uiskani na kuigeuza kwenye kompyuta. Jaribu kwanza kipande cha mita moja cha katriji ya mazoezi.

Kutuma

Kabla na baada ya kupigwa, katriji ikae mahali pa baridi, nyuzi 13 au chini yake, na isilale ndani ya gari wala kwenye boksi la bodaboda. Iliyokwisha kupigwa isafishwe mapema. Ikiwa mtu anasafiri nayo kupitia Entebbe, aibebe mkononi ndani ya mfuko unaoonyesha ndani, aombe ikaguliwe kwa mkono. Mizigo ya chini ya ndege hupitia mashine kali za eksirei, na mashine mpya za ukaguzi za CT huharibu mkanda, hasa ISO 500. 50D huvumilia zaidi. Maabara zinazopokea Super 8 ni pamoja na Andec ya Berlin na Cinelab ya Uingereza. Ziandikie kabla ya kutuma, uulize bei, muda, na uskani wa uwiano wa 4:3 wenye ukingo wa fremu.

Juu ya katriji andika kwa kalamu isiyofutika jina lako, aina ya mkanda, kasi ya fremu na neno moja la filamu. Ndani ya boksi weka karatasi yenye hayohayo. Faili ya sauti ipewe jina lilelile, na urefu wake kwa sekunde uandikwe ndani ya jina.